Kiwanja cha Dodoma Kilichohamia Ncha ya Kusini

Kazi ya kule saiti imekwisha salama. Bikoni zimechimbiwa, jua la Dodoma limewachoma watu masikio, na kijana wa upimaji ameketi mbele ya kompyuta na jedwali lake la Excel lililojaa kodineti. Kilichobaki ni kuziingiza kwenye AutoCAD, ramani itoke, mteja amalizie malipo yake.

Njia yenyewe ni nyepesi. Kwenye safu tupu ya pembeni anaandika fomula ya kuunganisha namba mbili kwa alama ya mkato, anaiburuta mpaka chini, ananakili safu nzima, anahamia kwenye mchoro, anaandika PLINE, anabandika. Mstari unakimbia wenyewe bikoni hadi bikoni. Aliyewahi kuziandika namba hizo moja moja ndiye anayeijua raha yake.

Safari hii kioo kimebaki cheusi. Kijana anabonyeza Z, kisha E, ili kila kilichochorwa kionekane kwa pamoja. Yanatokea madoa mawili: moja kona ya juu kushoto, jingine chini kabisa kulia. Lile la kushoto ni mtaa mzima uliopimwa zamani. La kulia ni kiwanja cha mteja.

Wapima wengi hutanguliza namba ya kaskazini, ndipo ifuate ya mashariki. AutoCAD inataka X mbele, yaani ya mashariki. Kwa Dodoma mjini ya mashariki ni kama mita 803,000, ya kaskazini kama 9,317,000, na ukizipindua hakuna king'ora kitakacholia. Sasa, kwa nchi za kusini mwa ikweta, mfumo wa UTM huipa ikweta namba milioni 10, kisha hesabu inapungua kadiri unavyoshuka. Kutoka ikweta hadi nchani ni karibu kilomita 10,000. Kwa hiyo, ukiisoma namba ya kaskazini peke yake, kiwanja chenye 803,000 kiko kilomita kama 800 tu kutoka Ncha ya Kusini. Pengwini wenyewe hawafiki huko, wanaishia pwani. Na mteja alikuwa na mpango wa kufungua duka la saruji na nondo.

"Mwanangu," anasema mzee wa ofisi, ameinama nyuma ya kiti, "huko ni barafu tupu. Mrudishe mtu wa watu."

"Nimeshaona, mzee."

AutoCAD basi huamini kila inachoambiwa. Excel ina ugonjwa mwingine, wa kusaidia bila kuombwa. Kiwanja namba 12 kikigawanywa, kipande cha tano kikaandikwa 12/5, Excel inaona tarehe. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Uingereza inakuwa 12 Mei. Kwenye meza ya pili, iliyopangwa Kimarekani, ni 5 Desemba. Bikoni 2E4 inageuka elfu ishirini. Bikoni 007 inapokonywa sifuri zake. Dawa ni kuipanga safu iwe ya maandishi kabla hujagusa kitu. Ukichelewa huambulii kitu, maana ndani kwa ndani Excel hutunza tarehe kama hesabu ya siku tangu mwaka 1900, na 12 Mei 2025 kwake ni 45789. Ukiiunganisha kwa fomula, hiyo ndiyo namba itakayotoka.

Wapima wasijione wana mkosi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya vinasaba vya binadamu ilisalimu amri: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel haikukoma kuzisoma kama tarehe. Wanasayansi wa dunia nzima wameshindwa, sembuse kijana wa mwaka wa kwanza kazini.

Halafu kuna suala la kanda za UTM. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 unapita kilomita zisizozidi 30 hivi mashariki ya Dodoma mjini, na Kongwa iko ng'ambo. Palepale mpakani, mguu mmoja unasoma namba ya mashariki karibu 832,000, mwingine 168,000. Aliyepima Dodoma asubuhi na Kongwa jioni, akabandika vyote kwenye mchoro mmoja, ataikuta Kongwa imetua magharibi ya Mpanda.

Lakini makosa hayo yana huruma, kwani hata mpita njia anayaona. Linalotisha ni lile la mita 300 hivi, kaskazini na kusini, kati ya mfumo wa zamani wa Arc 1960 na ule wa GPS. Ukichanganya, umbo la kiwanja liko sawa, eneo liko sawa, pembe ziko sawa. Mpaka picha ya setilaiti iwekwe chini yake, ndipo sebule ya mteja ionekane katikati ya uwanja wa mpira wa shule.

Mzee haamini kioo. Ijumaa jioni anachapisha jedwali na ramani, anashika kalamu nyekundu na kusoma kwa sauti, kijana akiitikia.

"Kumi na mbili mkwaju tatu."

"Ipo."

"Kumi na mbili mkwaju nne."

"Ipo."

"Kiwanja namba arobaini na tano elfu, mia saba themanini na tisa." Mzee anavua miwani. "Mtaa wenyewe hauna hata viwanja hamsini. Hiki kilizaliwa lini?"

"Tarehe kumi na mbili Mei, mzee."