Fuvu Lenye Meno Arobaini

Kwanza tuelewane: mimi siogopi. Wanaosema juzijuzi usiku pale Mwanjelwa nilishtuka hadi nikaangusha mkungu wa ndizi wamesikia vibaya. Mkungu uliteleza.

Kijana mwenye banda la muvi kabandika bango jipya la filamu ya kutisha mkabala na geti langu. Kwa kuwa napita hapo mara nne kwa siku, nimelisoma kuliko gazeti. Lina sura saba za waigizaji, zimepangwa kwa umaarufu. Staa ana kichwa kikubwa kama tenga; mchawi, ambaye ndiye habari yenyewe, kasukumiwa pembeni kama nyanya chungu. Katikati kuna fuvu. Nimelihesabu meno, ni 40. Chini moto, juu popo, nyuma makaburi, na jina la filamu ni jekundu, linachuruzika kama nyanya za Ilula zilizokandamizwa na magunia ya viazi.

Nikamwita. "Mwanangu, hofu haipikwi kama pilau. Mbona umetia kila kiungo?"

"Shikamoo mzee. Mteja yuko kwenye daladala, ana sekunde mbili tu. Asipomwona staa, huyo kapita."

Hapo nikakosa jibu, na mimi kukosa jibu sipendi. Nikafungua simu, nikamwonyesha bango la The Exorcist, filamu ya Marekani ya mwaka 1973. Mtu mmoja, kofia kichwani, mkoba mkononi, kasimama kwenye ukungu mbele ya nyumba, mwanga unamwangukia. Basi. Hata sura yake huioni.

Kijana akalitazama, akalisogeza karibu. "Mzee, huyu si babu anasubiri Coaster Uyole?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Huku kwetu ukungu haumtishi mtu. Teremka Makambako au Mafinga mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri: kila anayetokea gizani ana koti refu na kofia ya sufu iliyofika kwenye nyusi, na anachotaka ni kukuuzia chai. Mipaini ya Sao Hill, ambayo Hollywood wangeijaza mazimwi, sisi tukiitazama tunaona mbao.

Mwongozaji wa filamu Mussa Banzi ndiye aliyejua pa kutupiga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu yake aliiita Nsyuka, neno la Kinyakyusa. Herufi sita. Bibi yangu kule Tukuyu akilitamka tu, wajukuu wote tumeshalala, hata ambaye hajala. Popo wa nini?

Mwezi uliopita nilikwenda Iringa kwa shemeji. Baada ya salamu za "kamwene" zisizo na idadi akanipeleka makumbusho ya Kalenga, lilipo fuvu la Chifu Mkwawa, lile lililopelekwa Ujerumani likarudishwa mwaka 1954. Limo ndani ya kioo. Hakuna moto wala herufi za kuchuruzika. Shemeji, ambaye huongea hata akipiga mswaki, alivua kofia bila kuambiwa, akanyamaza mpaka tulipotoka nje. Mimi pia nilinyamaza.

Nilirudi Mbeya na hoja yangu imekamilika: punguza! Nikakuta mvua imenitangulia kwa kijana. Bango limebanduka karibu lote. Staa kaenda na maji, popo wameenda, fuvu na meno yake 40 liko mtaroni. Kimebaki kipande cha mchawi pale pembeni, tena si chote. Jicho moja, kwenye ukuta mtupu, na taa ya dukani inalimulika kwa chini.

Kwa usanifu, sasa ndiyo bango. Kwa mtu mwenye geti mkabala, ni siku ya nne narudi nyumbani kabla ya magharibi, na mke wangu ameanza kudhani nimeokoka.

Kijana, kama unasoma hapa: warudishe wale saba, na popo wao. Gundi nanunua mimi.