Kulisifu Dai la Mzigo Uliopotea

Inasemwa kwamba Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaushusha sokoni. Soko limehama tena, sasa liko kwenye simu, na sifa nazo hazina budi kulifuata. Mimi muuza leso wa Magongo, hapa Mombasa, nimejitwika kazi ya kumsifu kiumbe ambaye kila muuzaji wa mtandaoni humlaani kabla hajanywa chai: dai. Ni yale maombi ya kulipwa mali yako iliyopotea au kuharibika mikononi mwa wale walioahidi kukuuzia.

Msifiwa huanziwa nasaba, na dai lina nasaba ya kuheshimika. Tangu enzi za majahazi, mfanyabiashara wa pwani aliyemwachia mwenzake marobota alikuwa na fiqhi ya amana nyuma yake. Kanuni yake ni nyepesi: aliyewekewa mali halipi ikipotea, ila iwe amezembea au ameitumia bila ruhusa. Akisema imepotea pasi na kosa lake, huapishwa, na kiapo chake hukubaliwa. Mtu mzima husimama mbele za watu, akasema Wallahi, huku anajua iko Siku atakayoulizwa. Ghala la mtandaoni la siku hizi haliapi. Hukuandikia neno moja kwa herufi za kijivu, "Limefungwa", na hakuna wa kumshika mkono umpeleke kwa kadhi. Zamani aliyepoteza ndiye aliyeapa. Leo aliyepotezewa ndiye anayehangaika kutafuta ushahidi. Ukiniuliza mimi, hiyo ni heshima tumepewa sisi wauzaji. Tumeaminiwa kueleza mambo yaliyotokea mahali tusipowahi kukanyaga, chini ya kamera tusizoruhusiwa kuzitazama.

Magongo nayo ina haki ya kujivunia dai. Tumezungukwa na vitu vilivyo safarini: makontena yaliyopangwa kwenye yadi za Changamwe, malori yanayogombania njia tangu alfajiri, ndege za uwanja wa Moi zinazopita juu ya mabati yetu. Na ukishika barabara ya kwenda uwanja wa ndege utaukuta ushirika wa wachongaji wa Akamba, ulioanza mwaka 1963. Mpango wao ndio huuhuu wa maghala ya mtandaoni, kabla mtandao haujazaliwa. Mchongaji ana namba yake, huacha twiga wake kwenye duka la ushirika, akiuzwa hulipwa, na ushirika hubaki na sehemu yake. Twiga akivunjika sikio, mwenyewe yuko pale nje kivulini, tezo mkononi, na anamjua kwa sura wa kumwuliza. Masikini wale! Hawajaonja raha ya kulumbana na mtu asiye na sura, anayesaini barua zake "Timu ya Wauzaji".

Sisi wa leso tuliionja raha hiyo baada ya Jumia kuingia nchini 2013, Kilimall kuanza 2014, na wengine kufuata. (Jukwaa langu mimi silitaji. Ninayemsifu hapa ni dai, si bwana wake.) Nanunua leso mtaa wa Biashara kwa korija, jozi ishirini ishirini. Fundi wa jirani anazikata na kuzipinda, nazifunga, nazipeleka kwenye kituo cha kupokelea, zinapigwa skani, kisha zinapanda lori: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Nairobi. Korija ikifika ghalani ina jozi kumi na tisa. Ya ishirini ilipokelewa Mombasa, ikapakiwa Mombasa, na karatasi zote zinaonyesha imesafiri vyema. Kushuka ndiko ilikokataa.

Lakini hiyo ni hasara ya kawaida, hata mwanafunzi anaiweza. Utamu wa dai hasa niliujua siku mteja mmoja wa Eldoret aliporudisha leso moja ya jozi na kubaki na nyenziwe. Mfumo ukaandika: bidhaa imerudi, hali nzuri. Na kweli, ile leso iliyorudi ilikuwa haina doa. Nikaandika kueleza kwamba leso moja unaweza kumbebea mtoto, unaweza kujifunga ukienda jikoni, lakini dukani haiuziki, na harusini haitoki peke yake. Aliyenijibu alikuwa na adabu ya kupindukia. Alinipa pole, akanishukuru kwa kuwa mshirika wa thamani, kisha akaniomba picha ya leso isiyokuwepo. Nikaipiga picha meza yangu tupu, nikaituma. Akajibu kwamba picha haionyeshi msimbo wa bidhaa.

Sema wewe, ni mwalimu gani mwingine angenifunza mengi hivyo? Kabla ya dai, sikuwa mtu wa kumbukumbu. Leo kila jozi inayotoka nyumbani ina picha ya mbele, ya nyuma, ya pindo, ya jina la leso, na ya mizani ikisoma uzito, na nyuma ya mizani gazeti la siku hiyo. Mamlaka ya Mapato ya Kenya imehangaika kwa matangazo na vitisho ili sisi wadogo tudai ankara za kielektroniki za eTIMS, ikafikia kutangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kwenye hesabu za kodi. Hatukutikisika. Yule bwana wa duka ninakonunulia alikuwa akiniandikia risiti kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, mara moja nyuma ya kalenda. Dai liliponiambia "ambatisha ankara halali", nilimsimamia mpaka akanitolea ya mashine. Anayewajua wenye maduka wa Biashara anajua ukubwa wa muujiza huo.

Mama anayeuza mahamri mlangoni petu haoni mambo haya. Asubuhi moja alinikuta nimeinamia simu.

"Mwanangu, hizo leso si uziuze hapa kibarazani? Mtu aje, ashike, alipe, aende zake."

"Mama, hapo zitanunuliwa tu. Nitadai nini?"

Alinitazama kwa muda, akaniongeza hamri moja bila kunitoza. Hata hiyo naihesabu katika mapato yatokanayo na dai.

Walioko ng'ambo wamelikuza kuliko sisi. Wauzaji wanaotumia maghala ya Amazon kule Marekani walikuwa na miezi 18 ya kudai kilichopotea ghalani, wakakatiwa hadi siku 60 ilipofika Oktoba 2024. Mwezi uliofuata kampuni ikaanza kulipa yenyewe, bila kuombwa, baadhi ya bidhaa zilizopotelea ghalani. Nilisikitika kusikia, maana jambo hilo linamnyima muuzaji mazoezi. Nikafarijika 2025, walipoamua kwamba fidia ipimwe kwa gharama ya kuipata bidhaa na si kwa bei ya kuiuzia, kwa hiyo ubishi umebaki na chakula cha kutosha. Huko zimeota hata kampuni ambazo kazi yake ni kudai tu kwa niaba ya wengine, na nyingine huchukua hadi robo ya kinachorudi. Mtu hashoni, hauzi, hasafirishi, anaishi kwa vilivyopotea vya wenzake. Nimewaza kufungua moja hapa Magongo, jirani na wauza vipuri.

Wapo wanaonishauri niende Mahakama ya Madai Madogo. Naijua. Sheria yake ni ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hulazimiki kuwa na wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Kwa mwenye mzigo wa maana uliopotea, aende, asichelewe. Mimi hesabu hainitoki. Matatu ya kwenda mjini na kurudi, ada ya kufungua, siku nzima bila kuuza, na kunakili picha zangu zote za pindo na mizani: vyote hivyo vinaimeza jozi ya leso na kudai nyingine. Na ndipo nilipoelewa ufundi wa jambo lenyewe. Hasara za watu kama mimi zina kimo maalumu, zinauma lakini hazishtakiki. Jozi moja kwangu, birika moja la umeme kwa mwenzangu wa Chaani, viatu vya mguu mmoja kwa yule wa Mikindani. Hakuna kati yetu mwenye kesi. Ukitukusanya sote ungepata kesi ya kumtoa jaji usingizini, lakini dai lina hekima ya kutushughulikia mmoja mmoja, kila mtu na namba yake, na hakuna anayeiona namba ya mwenzake.

Nisije nikaonekana msahaulifu wa fadhila: jozi ile ya kwanza, iliyokataa kushuka Nairobi, hatimaye imelipwa. Pesa ziliingia kwa M-Pesa usiku, zikiwa zimekatwa kamisheni ya mauzo, ingawa hakuna aliyenunua, na ada ya kuhifadhiwa ghalani kwa siku zote ambazo ghala lilisema leso haimo. Nimefungua dai jipya juu ya makato hayo. Limepewa namba ndefu kuliko la kwanza, na mbele yake wameandika: Haraka.