Shangazi wa Uwanjani: Watoto wa Besiboli Wananitesa

*Una kocha asiyekuelewa? Mtoto asiyedaka? Mwandikie Shangazi. Siri yako ataitunza, ujinga wako atauanika.*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi, nina watoto 24 wanaoanza besiboli. Nawapanga foleni, kila mmoja angojee zamu yake ya kupiga. Haziishi dakika kumi, nusu yao wako nyuma ya choo wanacheza kombolela. Je, wamenichoka? – *Mwalimu Aliyeachwa, Temeke*

Marahaba, mwanangu. Hawajakuchoka wewe, wamechoka foleni. Foleni ni za watu wazima wenye shida zao, kama sisi wa mwendokasi. Mtoto akisimama saa nzima ili apige mara mbili, kombolela ni haki yake.

Wagawe makundi manne ya watoto sita. La kwanza warushiane mpira wawili wawili. La pili wadake mipira inayobiringika chini, magoti yamekunjwa, mikono miwili. La tatu wakimbie besi. La nne wapige mpira uliowekwa juu ya kigingi. Bomba la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga linatosha. Mmoja anapiga, watano wako mbele, mbali kidogo, wanaokota. Rungu lishikwe na huyo mmoja tu, tena amevaa helmeti. Kila dakika kumi puliza filimbi, wabadilishane. Mpira mgumu waachie wakubwa. Hawa wape laini, hata wa tenisi.

Shangazi, wasichana wangu wanarusha vizuri ajabu, ila kila anayekimbilia besi wanamlenga yeye. Juzi mmoja kapigwa sikioni, wenzake wakashangilia! – *Mlezi wa Majeruhi, Tanga*

Pole na hongera. Hao ni mabingwa wa rede. Mtaa umewafundisha tangu wadogo kwamba anayekimbia ndiye shabaha, leo unataka wamwonee huruma? Usiwagombeze. Wahamishie shabaha tu: ni kifua cha mwenzao aliyesimama besi ya kwanza, glovu wazi. Akiudaka mpira huku mguu wake unagusa besi kabla mpigaji hajafika, mpigaji yuko nje. Kwingineko, mara nyingi mkimbiaji huguswa kwa glovu yenye mpira ndani, kwa adabu.

Halafu nyoosha urushaji wenyewe. Anayetumia mkono wa kulia asimame kiubavu, bega la kushoto lielekee anakolenga. Kiwiko kipande hadi usawa wa bega. Apige hatua kwa mguu wa kushoto, aachie. Wa mashoto wageuze kinyume chake.

Shangazi, mume wangu hataki binti yetu acheze. Anasema besiboli ni ya Wazungu. – *Mama Njia Panda, Kinondoni*

Mkumbushe kwamba Wajapani wanaipenda kupita kiasi, na ni kwa msaada wao uwanja wa besiboli umejengwa pale Sekondari ya Azania, hapa hapa Dar es Salaam. Akibisha bado, mwambie mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, kule Marekani, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakawafunga wenzao wa Oregon. Kisha mpe glovu. Baba akishaanza kurushiana mpira na bintiye, ubishi humwisha.

Shangazi, tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka 8 ana mkono wa moto, lakini kocha anamtoa akirusha mipira 50 tu. Huu si wivu? – *Baba Bingwa*

Baba Bingwa, hiyo ni kanuni ya Little League: mtoto wa miaka 8 kushuka chini asizidishe mipira 50 kwa siku kwenye mechi, wa 9 na 10, mipira 75, wa 11 na 12, mipira 85. Mifupa ya kiwiko chake bado inakua, na viwiko havina vipuri. Nasikia pia kwamba mkitoka mazoezini unamrushisha mingine nyuma ya nyumba hadi magharibi. Kiwiko hakijui kwamba hiyo ya nyumbani haihesabiwi. Akilalamika maumivu, apumzike na aonwe na daktari. Wewe kaa kwenye kiti chako, ushangilie kwa sauti ya kawaida.

Shangazi, nimemweka kijana wa miaka sita alinde nyuma kabisa ya uwanja. Kila nikimtazama anachimba kichuguu. Nimfukuze? – *Kocha Mkali, Arusha*

Kocha Mkali, katika mazoezi yote hayo, ni mipira mingapi iliyofika huko kwa huyo mtoto? Mlete karibu na mpira. Na kama unaona lazima mtu akae kule nyuma, nenda wewe.