Marehemu Saba Waliosafiri Kuliko Wewe

Sisi wengine tukifa mambo ni mepesi. Watu wanazika, wanakula wali wa matanga, wanabishana kidogo kuhusu shamba, kisha kila mtu anarudi kwake. Wakubwa wa historia hawana bahati hiyo. Ukishakuwa na jina, kila mtu anataka kipande chako, na wapo wanaokuja na kisu kabisa.

Nimewapanga saba, kuanzia aliyetulia kidogo hadi aliyehangaishwa kupita wote. Vigezo ni vitatu: umbali aliobebwa, idadi ya vipande, na ukali wa ugomvi. Jopo la majaji lilikuwa mimi peke yangu, na lilipiga kura kwa kauli moja. Ukiona mtu wako kaonewa, soma hadi mwisho kwanza, ndipo uje na ubishi wako.

7. Jeremy Bentham, aliyejiagizia

Mwanafalsafa wa Kiingereza. Alikufa mwaka 1832 na kuacha wosia: nipasueni mjifunze udaktari, halafu mifupa muivike nguo zangu, mniketishe kitini. Wakamtii! Mpaka leo yupo University College London, kajazwa majani makavu, kofia kichwani. Uso ni wa nta, maana kichwa chake halisi kilikaushwa vibaya kikawa cha kutishia watoto. Mwaka 2018 alivuka Atlantiki kwenda kwenye maonyesho New York. Maiti ya miaka 186 imeingia Marekani, na wewe bado unasubiri miadi ya viza.

Hukumu: anashika mkia. Aliyejitakia hahesabiwi kaonewa.

6. Galileo, wa kidole

Alikufa mwaka 1642 akiwa kwenye kifungo cha nyumbani, baada ya Kanisa kumtia hatiani mwaka 1633 kwa kushikilia kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Wakamzika kimyakimya pembeni, kanisa la Santa Croce, Florence. Mwaka 1737 walipomhamishia kwenye kaburi la heshima humo humo kanisani, watu wakamnyofoa vidole vitatu, jino na pingili ya uti wa mgongo. Na hao walikuwa mashabiki wake. Sijui maadui wangefanyaje.

Kidole cha kati cha mkono wa kulia kinaonyeshwa leo kwenye makumbusho yenye jina lake, Florence, ndani ya kioo, kimesimama wima. Wapole watakuambia kinaelekeza kwenye nyota. Mimi naona kinajibu ile hukumu ya 1633.

Hukumu: umbali haba, jeuri tele.

5. Albert Einstein, wa kwenye chombo cha plastiki

Alitaka achomwe moto na majivu yamwagwe mahali pasipojulikana, watu wasije wakageuza kaburi lake kuwa pa kuhiji. Alifariki tarehe 18 Aprili 1955, Princeton. Daktari aliyeuchunguza mwili, Thomas Harvey, akatoka na ubongo. Ruhusa ya familia aliitafuta baadaye, kama jirani anayekuja kuuliza kama anaweza kuazima sufuria huku maharage yameshaivia ndani yake.

Ubongo aliukata vipande 240 hivi, akavitia kwenye mitungi, na akawa anahama navyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1997 yeye na mwandishi mmoja wakaendesha gari kutoka mashariki ya Marekani hadi California, masalia ya ubongo yakiwa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko. Ndiyo, kile kile ambacho mama anakuulizia hadi leo kiko wapi.

Na ulipopimwa ulikuwa gramu 1,230, pungufu ya wastani wa mwanamume. Shemeji anayejisifia kichwa kikubwa apelekewe taarifa hii.

Hukumu: kwa vipande, hana mpinzani. Kwa ugomvi, familia ilikuwa na moyo mkubwa mno.

4. Christopher Columbus, wa makaburi mawili

Akiwa hai alikwenda Amerika mara nne, na maiti ikaona haitoshi. Alikufa Valladolid mwaka 1506, akapelekwa Sevilla, kisha akavushwa bahari hadi Santo Domingo. Mwaka 1795 Hispania ilipowaachia Wafaransa koloni hilo, mifupa ikahamishiwa Havana. Mwaka 1898 Cuba nayo ikaponyoka, mifupa ikarudishwa Sevilla. Kila Hispania ilipotolewa nyumba, ilibeba kwanza Columbus, kama mpangaji mwenye deni anavyohama usiku na godoro kichwani.

Tatizo ni kwamba mwaka 1877 mafundi waliokuwa kazini katika kanisa kuu la Santo Domingo walikuta sanduku la risasi lenye mifupa na jina lake. Sasa kule Havana alikwenda nani? Vipimo vya DNA vilivyotangazwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba mifupa ya Sevilla inalingana na ya Diego, mdogo wake. Watu wa Santo Domingo hawakukubali ya kwao iguswe. Walishaijengea jumba kubwa kama meli, lililozinduliwa mwaka 1992, na mtu aliyejenga hivyo hana haja na maabara.

Hukumu: aliyekufa akiamini amefika Asia, ni haki yake asijulikane alipo.

3. Evita Perón, mke mwenza asiyesema

Eva Perón wa Argentina alikufa mwaka 1952 akiwa na miaka 33, na mwili wake ukahifadhiwa kwa dawa ukabaki kama amelala. Mwaka 1955 jeshi likampindua mumewe, Juan Perón, kisha likagundua kwamba mke aliyekufa anatisha kuliko mume aliye hai. Wakamficha hapa na pale, wakaja kumzika Milan, Italia, kwa jina la María Maggi. Mwaka 1971 wakamrudishia mumewe uhamishoni Madrid. Nyumbani alikuwapo Isabel, mke mpya. Dada unayelalamika kwamba mumeo bado ana picha ya mke wa zamani kwenye simu, kaa kitako, unywe maji.

Leo yupo makaburi ya Recoleta, Buenos Aires, chini kabisa, amefungiwa kama dhahabu ya benki.

Hukumu: ningempa namba mbili, ila wa namba mbili amebebwa kwa miguu.

Nafasi isiyo na namba: Patrice Lumumba

Hapa sikuthubutu kupanga. Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, alishiriki kuuyeyusha mwili kwa tindikali, akabaki na jino. Jino hilo lilikaa Ubelgiji hadi mwaka 2016 lilipochukuliwa na vyombo vya sheria kutoka kwa binti yake Soete, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa familia ya Lumumba, Brussels. Likawekwa kwenye jeneza la ukubwa wa kawaida, likazungushwa nchini, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa nchi. Dar es Salaam ukipita Mtaa wa Lumumba, unapita barabara iliyo ndefu mara nyingi kuliko vyote walivyomwachia.

Haya, turudi kwenye kelele zetu.

2. David Livingstone, aliyefika Bagamoyo bila moyo

Daktari na mmisionari wa Kiskochi alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Kwa akili za kawaida angezikwa pale pale. Lakini watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakaona kwamba mzungu mkubwa hawezi kuachwa porini, na pengine wakawaza pia watajibu nini pwani wakiulizwa yuko wapi. Wakautoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringisha kwa kitambaa na magome ya mti, safari ikaanza.

Zaidi ya kilomita 1,500, kama miezi tisa, homa njiani, vijiji vinavyoogopa kupitishiwa maiti. Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakazuia msafara, basi jamaa wakatengeneza maiti bandia kwa mabua ya mtama, wakajifanya wanairudisha kuzika, na mwenyewe wakamfunga upya aonekane mtumba wa nguo. Mpiga magendo yeyote wa mpakani leo anayejiona mjanja, avue kofia.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mji wa kubwaga moyo, naye wake alishaubwaga zamani, kule chini ya mti! London walimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844, akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma, waliombeba, hawakuwapo mazikoni. Waliitwa Uingereza baadaye, kaburi limeshafunikwa.

Hukumu: nishani ya dhahabu kwa wapagazi. Maiti apewe ya fedha.

1. Mtwa Mkwawa, aliyetajwa na mkataba wa dunia

Ulidhani nani? Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walilifyeka jeshi la Wajerumani pale Lugalo, pamoja na kamanda wake Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, Mkwawa akaingia porini. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000. Miaka minne hawakumpata. Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi mwenyewe. Wakakata kichwa wakakichukua, fuvu likaishia Ujerumani.

Sasa sikiliza. Mwaka 1919 mataifa yamekaa Versailles kumaliza vita vikuu. Mipaka ya Ulaya inachorwa, fidia zinahesabiwa, na katikati ya yote hayo kuna Kifungu cha 246: Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Bentham ana kabati la kioo, Evita ana kaburi la chuma, lakini nani mwingine kwenye orodha hii ana kifungu?

Ile miezi sita ikawa miaka 35. Hata fundi wako wa cherehani, yule wa njoo Ijumaa, hajafika huko. Gavana Twining wa Tanganyika ndiye aliyekwenda Bremen, akakuta makumbusho yenye mafuvu kama 2,000. Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya ukoo. Juni 1954 likafika Kalenga, akalipokea mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Ni lake kweli? Wapo wanaotia shaka hadi leo. Watani wa Wahehe najua mmeshafungua midomo. Fungeni. Liko Kalenga, karibu na Iringa mjini, nendeni mkaliulize wenyewe.

Hukumu: namba moja, na rufaa haipokelewi.

Najua Wangoni na Wachaga mtauliza kwa nini watu wenu hawamo. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na familia zao bado zinavitafuta vichwa vyao Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja mwenyewe Songea, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kutafuta. Orodha hii ni ya safari zilizofika. Nafasi zao nimeziacha wazi.