Sifa za Kipiga Nzi, Mheshimiwa wa Nyuma ya Mlango

Nzi alipata wakili wake tangu karne ya 2. Lucian wa Samosata, bingwa wa kejeli katika Kigiriki, alimwandikia risala nzima: akasifu mbawa zake, akasifu ujasiri wake, akasifu na vile anavyokula meza moja na watu. Karne zimepita na upande wa pili bado haujapata msemaji. Basi nasimama mimi, mkazi wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, nikisemee kipiga nzi.

Tuanze na unyenyekevu wake. Jikoni kwetu kila kitu kina nasaba. Mbuzi ya kukunia nazi hurithiwa kwa bibi. Kawa husukwa kwa ukili, likatiwa rangi, likaenda na mwari kwa mumewe. Sinia kubwa hungoja Idi. Kipiga nzi hakina ukoo. Kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, hakionyeshwi mgeni, wala hakijawahi kutiwa kwenye vyombo vya harusi. Lakini saa saba mchana, mchuzi wa papa unapopakuliwa na harufu ikafika mtaa wa pili, hakuna anayeulizia mbuzi. Nyumba nzima hupiga kelele moja: "Kile kitu mmekiweka wapi?"

Heshima yote imeliwa na binamu yake, mgwisho. Mzee Jomo Kenyatta alizoeleka kuuinua mgwisho wake akiitikisha umati Harambee, na hakuna aliyeuliza ni nzi wangapi waliokufa kwa mikono yake. Mrithi wake Moi akaja na rungu, ambalo halikuwa na habari ya nzi kabisa. Huko Algiers mwaka 1827 mtawala Hussein Dey alimchapa konsuli wa Ufaransa, Pierre Deval, kwa mgwisho wakigombania deni. Wafaransa wakalifanya neno hilo kisingizio, wakaivamia nchi 1830, wakatoka 1962. Miaka 132 ya kutawaliwa, na nzi wa Algiers hakuguswa. Ndiyo tabia ya mgwisho: kumpungia nzi ahamie kwa jirani, nawe ukabaki na uso wa mtu aliyefanya kazi. Tumewapigia kura wengi wa namna hiyo. Kipiga nzi hakihamishi shida ya mtu. Kina mpini kama rungu na nia ambayo mgwisho haukuwahi kuwa nayo.

Na shida zenyewe huku bara si za kuazima. Kisauni ina Mwakirunge, jaa linalopokea taka za mji mzima. Changamwe walikaa miaka mingi na harufu ya Kibarani kabla jaa lile halijafungwa. Sokoni Kongowea mvua ikinyesha, mabaki ya kabeji na nyanya yanalala chini hadi yanageuka uji. Likoni ukiingia msimu wa maembe, kokwa za boribo na ngowe zimetapakaa kila kichochoro, na gari la taka linakuja likipenda. Nzi jike hutaga mayai mia moja hivi kwa mkupuo, akafika mia tano maishani mwake, na kwa joto letu yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Yaani takataka zikikosa kuchukuliwa Jumatatu hii na Jumatatu ijayo, waliozaliwa humo watakuja wenyewe kukuuliza mbona gari halikuja. Mdomoni nzi hana meno: hutema mate juu ya andazi lako, likalainika, ndipo akalifyonza, na miguu iliyoonja mahamri ndiyo iliyotoka chooni. Kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo husafiri kwa nauli hiyo. Katika mtaa ambao zahanati ina foleni na mtaro umeziba, kipiga nzi ndicho afisa wa afya pekee aliyeko kazini Jumapili.

Wamarekani, kwa haki yao, walikitambua mapema. Robert Montgomery alipewa hataza mwaka 1900 kwa kibao cha wavu wa waya chenye mpini. Miaka mitano baadaye huko Kansas daktari Samuel Crumbine alitangaza vita dhidi ya nzi, na Frank Rose akagongomea kipande cha wavu wa dirisha kwenye rula ya yadi. Siri yote imo kwenye huo wavu. Nzi ana vinyweleo vinavyosikia upepo kabla ya pigo, na macho yanayohesabu zaidi ya mimweko mia mbili kwa sekunde, yetu yakiwa kwenye sitini hivi. Mkono wako ukishuka, yeye anauona unakuja kwa mwendo wa feri ya Likoni. Ukishuka na gazeti lililokunjwa, upepo unatangulia kumpa habari. Matundu huupitisha upepo, na pigo likafika bila kupiga hodi.

Sasa kuchagua. Pale karibu na kivuko, vijana hutembeza vipiga nzi vya plastiki pamoja na vichana, soksi na chaja za simu, na kila mmoja huapa kwamba chake hakivunjiki. "Mama, hiki ni cha Dubai!" Usibishane na Dubai. Kipokee, ushike mpini kwa mkono mmoja na kibao kwa mwingine, ukikunje taratibu. Kibao kiende kama ulimi na kirudi. Kikibaki kimepinda, mrudishie. Halafu tazama shingo, pale mpini unapoingia kibaoni, kwani vipiga nzi vyote hufia shingoni: ukiona plastiki imekuwa nyeupe pale ulipokunja, hiyo ni barua ya mauti. Matundu yawe madogo kuliko nzi, maana nimeona vya matundu mapana ambavyo nzi hupenya akatoka upande wa pili kama abiria aliyekosa steji. Mpini uwe mrefu wa kutosha kufika pembe ya juu ya dirisha bila kupanda stuli, na mwepesi wa kutosha kupigwa kwa kiwiko cha mkono tu. Vya waya vyenye ukingo wa kitambaa vinadumu zaidi, ila hewa ya bahari huvitia kutu, na vikigusa ukuta uliopakwa chokaa huacha alama ambayo mwenye nyumba ataikata kwenye amana yako. Bei ya chai na mahamri mawili yatosha. Anayekudai zaidi ya hapo anakuuzia rangi.

Kutumia ni elimu, na hapa ndipo wengi wanapokidhalilisha. Mwanamume huja mbio, amekiinua hadi kisogoni, anapiga kwa hasira za kazini, anavunja glasi. Nzi yuko kwenye pazia. Kipiga nzi hakitaki nguvu, kinataka subira. Sogea polepole, kibao kikae shibri moja juu yake, ungoje asugue miguu ya mbele. Akishughulika na usafi huwa mzito kuondoka. Kisha piga kwa mkono mfupi, ukirudisha papo hapo, asipakike ukutani. Wala usilenge alipo. Michael Dickinson na wenzake wa chuo cha Caltech walipiga picha za kasi za nzi wadogo wa matunda, wakaeleza mwaka 2008 kwamba nzi hupanga miguu kabla hajaruka, ili ajirushe mbali na hatari. Lenga basi mbele yake kidogo, pale anapotaka kukimbilia. Akina mama wa Mtongwe wasiosikia habari za Caltech wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote. Asubuhi ya baridi ya Julai, mbawa zikiwa bado nzito, hata mtoto wa chekechea hupata riziki. Usiku watafute kwenye nyaya za taa, ndiko wanakolala.

Juu ya chakula, usipige. Nzi aliyepasuka juu ya wali ni nzi mara kumi. Funika sahani kwa kawa kwanza, halafu vita vihamie ukutani. Jioni kioshwe kwa sabuni na maji moto, si kwenye karai la vyombo, tafadhali.

Wapinzani nimewasikia. Raketi ya umeme inapendeza, inalia ta! na watoto wanashangilia, lakini stima ikipotea siku mbili imekuwa pambo. Dawa ya kopo huua nzi, mende, na hamu ya kula. Slipa ni shujaa, siwezi kuikana, lakini ina soli nzito isiyo na tundu, na anayeitumia hubaki mguu mmoja chini. Gazeti la Taifa Leo ni la kusomwa. Barack Obama, mtoto wa watu wa Siaya, alimuua nzi kwa kofi tupu mwaka 2009 katikati ya mahojiano ya televisheni, Ikulu ya Marekani. Watetezi wa wanyama wa PETA wakamtumia kifaa cha kunasia nzi bila kumdhuru, akamwachilie nje. Amwachilie nje! Huku kwetu nje ndiko alikotoka. Nzi kufia juu ya kidonda si haramu, walisema wahenga, lakini hawakusema mwenye kidonda atie sahihi.

Najua kinasingiziwa pia kwamba ni silaha ya akina mama dhidi ya watoto. Ni kweli kwamba msumari wa nyuma ya mlango ukilia, mtoto aliyeficha karatasi za mtihani huketi wima pamoja na nzi waliotulia dirishani. Sikitetei katika hilo. Nasema tu kwamba hakipigi mtoto kinapowekwa mahali pake, na kwamba mlio wake umesomesha wengi.

Pana mahali pamoja ambapo kipiga nzi, pamoja na sifa zote hizi, lazima kikae kimya. Alasiri ameingia mzee wa heshima, amevaa kanzu na kofia ya vito, amewekewa kahawa na halua, na wakwe wameketi mkekani kuzungumza habari ya posa. Nzi mmoja, mnene, wa kijani, anaizunguka halua mara mbili kisha anatua juu ya kofia ya mzee. Anasugua miguu ya mbele. Ametulia haswa, hapatapatikana nafasi kama hiyo mwaka mzima. Kijana wa nyumba ameshaingiza mkono nyuma ya mlango. Mama anamtazama mara moja tu, na mkono unarudi. Yeye mwenyewe anachukua kipepeo cha ukili, anasogea, "Joto leo, mzee wangu," anapepea kwa adabu mara tatu, na nzi anainuka. Binamu mgwisho angefurahi. Nzi amehama, kama desturi, akatua puani kwa bwana harusi mtarajiwa. Na huyo, hadi posa ijibiwe, hapigwi na chochote.