Mwongozo wa Mwanakamati Mgeni Katika Msitu Wenye Cheti

Ndugu mwanakamati, hongera. Mkutano mkuu wa kijiji umekuchagua kuingia Kamati ya Maliasili, labda kwa sababu unaujua msitu, labda kwa sababu siku hiyo ulikuwa msibani na hukuwepo kukataa. Vyovyote iwavyo, sasa wewe ni mlinzi wa maelfu ya hekta za mpingo, mninga, mkongo na mpangapanga. Posho ni ya kubahatisha, buti ni lako mwenyewe. Na njiani kuna wageni wanaokuja kukueleza kwamba msitu huo ungefaa upate cheti cha kimataifa. Usiwakatalie. Ila usiwakubalie kabla hujasoma mwongozo huu.

1. Ujue unachokiomba

Cheti kinachozungumzwa ni cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993. Makao yake yalikuwa Oaxaca, Mexico, kisha yakahamia Bonn, Ujerumani, mwaka 2003. Lina kanuni 10. Fuata sheria za nchi. Watendee haki vibarua. Heshimu wenyeji na majirani. Linda mito na wanyama. Panga kabla ya kukata, pima baada ya kukata. Zisome zote, hutaona hata moja ambayo mzee wa kijiji angeipinga.

Ugumu hauko kwenye kanuni, uko kwenye ushahidi. Kutokata mti ni jambo moja; kuwa na karatasi inayoonyesha tarehe ambayo mti huo haukukatwa ni jambo jingine. Doria ambayo haikuandikwa daftarini haikufanyika, hata kama mwenzenu mmoja alirudi kutoka humo na mguu uliovimba.

Ujue pia kwamba baraza lenyewe halitakuja kijijini. Atakuja mkaguzi wa kampuni iliyoidhinishwa, na mkaguzi huyo hulipwa na anayekaguliwa. Usishtuke: mfuko wa kijiji hauwezi gharama hiyo, kwa hiyo italipwa na mfadhili. Mfadhili ana mradi, mradi una mwisho, na mwisho wa mradi hauandikwi kwenye cheti.

2. Usijidai wa kwanza

Kuna waliokutangulia. Wilayani Kilwa, mkoani Lindi, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC mwaka 2009, na ilikuwa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho ikiwa mikononi mwa jamii. Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mwenye cheti alikuwa shirika la uhifadhi la MCDI, ambalo chimbuko lake ni wanafunzi waliokuja kuuchunguza mpingo miaka ya 1990. Vijiji viliingia chini yake kama kundi. Kundi hupunguza gharama. Huongeza pia majirani wa kuwaombea dua, kwa maana kijiji kimoja kikiboronga, cheti kinachotikisika ni cha wote.

Ukitaka kujua kwa nini walihangaika, kumbuka hali ilivyokuwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, barabara ya kusini ilifunguka kwa wagonjwa, kwa wanafunzi, na kwa malori ya magogo. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba China iliandika kupokea mbao za Tanzania mara 10 zaidi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza huko. Yaani mbao zilipotea kwenye vitabu vyetu zikapatikana kwenye vitabu vya wenzetu. Zote hizo zilisafiri bila cheti, na zilifika salama.

3. Anza na sheria, si na nembo

Hapa wengi huteleza. Mgeni atakuonyesha nembo ya mti wenye alama ya vema, nawe utadhani nguvu iko humo. Nguvu iko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hizo ndizo zinazokiruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kupanga uvunaji, kuuza, na kubakiza mapato. Sheria ni dawa. Cheti ni kibandiko cha chupa. Kibandiko humsaidia mnunuzi wa mbali ajue alichonunua, lakini hakuna aliyepona kwa kukilamba.

Kwa hiyo kabla ya kuota Bonn, hakikisha mna haya: mipaka ambayo kijiji jirani nacho kinaikubali, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, tathmini ya miti iliyopo, mpango wa usimamizi, mpango wa uvunaji, na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Kila kimoja kina muhtasari wa kikao, kila muhtasari una mahudhurio, na kila mahudhurio yana sahihi. Jengeni kabati kabla ya kujenga ofisi. Mchwa hawajasoma kanuni hata moja.

4. Siku ya mkaguzi

Mkaguzi atafika na gari lenye vumbi na maswali safi. Mkaribisheni maji, mpeni kiti, kisha zingatieni yafuatayo.

Msiwavalishe vibarua kofia ngumu asubuhi ileile. Atawauliza kama huzivaa kila siku, na vibarua wana tabia mbaya ya kusema kweli.

Msimfiche kisiki. Kila kisiki na kila gogo vinatakiwa viwe na namba na alama ya nyundo, na namba za porini zilingane na za daftari. Mkaguzi anaweza kutembea kilomita nyingi kutafuta kisiki kimoja, kisha akapiga picha nacho kama ndugu waliopotezana.

Atauliza kama msituni kuna maeneo matakatifu. Wazee watajibu kwamba yapo, ila hayatajwi mbele ya wageni. Atawaeleza kwa upole kwamba ili yalindwe lazima yajulikane yalipo. Mwisho wa siku yatakuwa yamepimwa kwa GPS, na mizimu iliyojificha karne nzima itakuwa na anwani.

Atauliza wanawake wangapi wako kwenye kamati. Mtataja idadi. Atauliza wangapi huzungumza kwenye vikao. Hapo mwenyekiti atakohoa. Swali hilo, kwa hakika, ni la haki kuliko yote, na mlistahili kuulizwa zamani na mtu wa hapahapa.

Mkikutwa na kasoro, itaandikwa hoja. Hoja ndogo hupewa mwaka mmoja kurekebishwa. Hoja kubwa miezi mitatu. Mkipata cheti, kitadumu miaka 5, na katika miaka hiyo ukaguzi ni wa kila mwaka.

5. Kuhusu mpingo, ambao ndio chanzo cha maneno yote

Mpingo ni mti unaokua kwa ukaidi. Unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na ubao wake ni mzito hata huzama majini. Wachonga vinyago wa Kimakonde wameujua kwa muda mrefu. Ulaya wanautaka kwa klarineti, obo na zumari za mfuko za Scotland. Fundi wa klarineti hataki ufa, hataki tundu, hataki fundo wala doa, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa vipande na vumbi. Mti ulioota kabla babu yako hajatahiriwa hutoa vipande vichache vya kupuliziwa.

Usishangae kama mpingo wenyewe ndio utakaouzika polepole kuliko miti mingine. Wanaotengeneza ala hizo duniani ni wachache, na wanachohitaji kwa mwaka si kikubwa. Tena tangu Januari 2017 biashara ya jamii yote ya mpingo kuvuka mipaka iko chini ya mkataba wa CITES, kwa hiyo gogo linahitaji kibali kingine hata kama lina cheti. Ala zilizokamilika zilisamehewa mwishoni mwa mwaka 2019. Gogo halikusamehewa. Mwanamuziki anavuka mpaka na klarineti yake bila kuulizwa, wewe utaulizwa.

6. Mnunuzi

Mtaambiwa kwamba mbao zenye cheti hupata bei nzuri zaidi. Ni kweli, kwa masharti. Ili nembo ifike dukani, kila anayemiliki mbao hizo njiani lazima naye awe na cheti chake: mwenye kiwanda cha kupasua, anayeziuza nje, mtengenezaji. Mmoja akikikosa, mbao zenu zinageuka kuwa mbao tu, hata kama msituni mlihesabu hadi vipepeo.

Sasa nenda Keko, Dar es Salaam, ambako vitanda na makabati hutengenezwa barabarani. Mwambie fundi kwamba mninga wako una cheti cha kimataifa. Atauliza: ni mkavu? Urefu futi ngapi? Unashushaje bei? Mteja wake naye haulizi Bonn inasema nini. Anauliza kitanda kitakuwa tayari lini. Soko kubwa la mbao zenu liko hapa nchini, na soko hilo bado halijafundishwa kulipia dhamiri.

Hata hivyo usidharau. Vijiji vya Kilwa vimejenga madarasa na kuchimba visima kwa fedha za mbao, na kitu kilichowafikisha hapo ni kule kuwa wauzaji wenyewe: wanapanga bei, wanapima gogo, wanaweka fedha benki kwa jina la kijiji. Cheti kiliwazoesha kuandika. Uzoefu huo hauishi muda wake baada ya miaka 5.

7. Wasiohitaji cheti

Hili halimo kwenye kijitabu cha wageni. Mkaguzi hukagua walioomba kukaguliwa. Anayekata usiku na kupita vichochoroni hana faili, hana hoja, hana kibarua wa kuulizwa habari za kofia ngumu. Mchoma mkaa hana mpango wa usimamizi. Na ufuta, ambao katika mkoa wa Lindi umefyeka miti mingi kuliko msumeno, hupanda mnadani bila mtu kuuliza shamba lilikuwa nini msimu uliopita. Mkulima wa ufuta hupata fedha mwaka uleule. Anayesubiri mpingo anawasubirishia vitukuu.

Ndiyo maana usiwakasirikie vijana wanaosema msitu hauliwi. Wameshika hesabu sawasawa. Wajibu wa kamati ni kuibadilisha hesabu hiyo kwa mauzo halali yanayoonekana, na kuwalipa walinzi kwa wakati. Hotuba peke yake haijawahi kuzuia panga.

8. Kabla ya kutia sahihi

Muulize mgeni maswali matatu. Mradi ukiisha, nani atalipia ukaguzi? Mnunuzi anayetaka nembo hii ni nani, na ameahidi kiasi gani kwa maandishi? Nyaraka zitakuwa kwa Kiswahili, au tutatia sahihi kwa imani? Akijibu yote matatu, tieni sahihi na mmchinjie kuku. Akijibu mawili, mchinjieni kuku, sahihi isubiri.

Kisha mrudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Maswali yake ni makali kuliko ya Bonn: shilingi ngapi zimeingia, zimekwenda wapi, na lile lori lililopita saa nane usiku lilikuwa la nani. Kamati inayoweza kujibu hayo mbele ya majirani zake, kwa risiti, imetimiza sehemu kubwa ya kanuni zile 10 hata kama haijawahi kuziona. Isiyoweza, ipewe cheti kilichopambwa kwa dhahabu. Itakitundika ukutani, na lori litapita tena.