Muda Huna, Tisheti Unazo Tatu

Nyoo! Eti hana muda. Mtu kaketi kijiweni tangu alasiri, kashushia kahawa vikombe vitatu na kashata zake, kabishana Simba na Yanga mpaka sauti imekauka. Lakini maneno yakigusa kitambi chake, anaangalia chini: "Kazi zinabana, ndugu zangu. Mazoezi utayafanya saa ngapi?" Na kijiwe kizima kinatikisa vichwa kama wafiwa. Mimi nikasonya.

Tuelewane. Hapa Kimara wapo wasio na muda na kweli hawana, nitawafikia. Ugomvi wangu kwanza ni na huyu mwenye tisheti tatu za marathon kabatini. Siku hizi mji huu haupitishi mwezi bila mbio za hisani. Unalipia, unapewa tisheti, namba ya kubandika kifuani na medali. Jamaa anatembea kilomita 5, nusu ya njia anapiga picha, na picha zinapanda status kabla jasho halijamtoka. Kisha anahamia kwenye supu na vya baridi mpaka jioni. Raba zile utaziona tena mbio zijazo.

Hata serikali ilijaribu kutuamsha. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe ya mazoezi. Wazo zuri, na watu walitoka. Lakini mwili hauna hesabu za mwezi hadi mwezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 kila wiki za mwendo wa wastani, ule ambao kuongea unaongea ila kuimba pumzi haitoshi, pamoja na siku mbili za kutumikisha misuli. Tena mwongozo wao wa 2020 ulifuta lile sharti la zamani kwamba ni lazima uende dakika 10 mfululizo ndipo ihesabike. Vipande vidogo vidogo navyo vinaingia kwenye hesabu. Sasa hapo "sina muda" inaanza kuvuja.

Fundi viatu wetu, ambaye akiongea hanyanyui macho kwenye sindano, akamuuliza karani mmoja anayefanya kazi Posta.

"Mwendokasi unashukia wapi?"

"Mwisho kabisa, Kivukoni."

"Kesho kutwa shuka Fire. Tembea."

Kutoka Fire mpaka Posta, kwa mwendo wa mtu anayewahi kusaini, ni dakika 20 na kitu. Karani akacheka: afike ofisini shati limelowa? Fundi akamwambia shati la pili hukaa kwenye begi, halina nauli. Karani hakukubali kushindwa. Na jioni je? Anayetembea kutoka Posta mpaka Fire atasimama kituoni mpaka achakae, maana mabasi yanapita yamefurika, watu wamebanana mlangoni. Hoja ya haki kabisa, hata mimi nilidhani fundi kakwama. Akavuta uzi, akasema jioni usiende Fire, katiza Kariakoo mpaka Gerezani, basi la Kimara unalipata linapoanzia na kiti unakaa. Karani kimya. Piga hesabu mwenyewe: asubuhi na jioni ni kama dakika 40, siku nne unavuka 150, na hujamnunulia mtu tisheti. (Mvua ikijaza Jangwani, hapo mtatembea wote, mpende msipende.)

Kijana wa chuo naye alikuwepo, ana lake: "Nikimaliza UE." Baada ya UE kuna field, baada ya field kuna sapu, na sapu ikiisha muhula umefunguliwa. Degree ataipata, na maumivu ya mgongo atapewa nyongeza. Wakati nyuma ya nyumba anayopanga kuna jimu ya uani, vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Hata asipoingia huko, kati ya pasipepa moja na nyingine sakafu ipo pale pale, pushapu hazihitaji kadi ya uanachama.

Dereva wa bodaboda akamleta Alphonce Simbu, kwamba Mtanzania kaenda Tokyo Septemba 2025 kachukua ubingwa wa dunia wa marathon, kampita Mjerumani kwa sekunde 0.03, sisi tunashindwaje? Akajibiwa papo hapo: Simbu ni askari wa JWTZ na mkimbiaji wa kulipwa, kukimbia ndiyo kazi yake. Mwache huyo, tuzungumzie wewe unayeshinda juu ya pikipiki mpaka miguu inavimba.

Muda wote huo dada wa mihogo alikuwa anapepea jiko lake pembeni. Hapo ndipo akaingilia, na akamaliza utani.

"Kaka zangu, mie naamka saa 10 usiku. Maji, watoto, sokoni, moto mpaka saa 3 usiku. Kutembea natembea kuliko nyie wote, hilo sina deni. Lakini kliniki wameniambia presha imepanda, nitafute nusu saa ya kutembea kwa ajili yangu, bila ndoo wala mawazo. Nitoke saa ngapi? Alfajiri vibaka. Jioni watoto nimwachie nani? Na nikipita hapa na raba na suruali, nani wa kwanza kupiga mbinja?"

Hakujibiwa. Wiki iliyopita tu binti mmoja mpangaji alipita akikimbia, na mbinja zilitoka kwenye benchi hili hili. Tangu siku hiyo kabadili njia, au kaacha.

Ndiyo maana zile klabu za jogging za uswahilini sizisonyi, hata zikifunga barabara Jumapili alfajiri. Mmoja ana filimbi, mmoja anaimba, wengine wanaitikia huku wakikimbia kwa mistari, wamo vijana wamo akina mama wa vitenge. Kibaka hathubutu kusogelea watu arobaini, wala mpiga mbinja. Pia usipotokea, kuna mtu atakuja kukugongea dirisha. Supu baada ya hapo wanakunywa na wao, lakini wiki ijayo wapo tena barabarani.

Karani muda wake upo kati ya Fire na Posta. Kijana wa chuo wake upo sakafuni. Wa dada wa mihogo umekaa mikononi mwa mwanamume aliyetulia kijiweni. Basi kaka uliyeoa, Jumamosi hii baki na watoto saa moja, mwenzio avae raba atoke. Na mke wa jirani akipita anakimbia, funga mdomo.